DARUBINI YA MWINDAJI: JINSI YA KUICHAGUA KWA KADIRI YA FEDHA

Wasomaji wetu kadha wa kadha wametaka kujua ni darubini ipi imfaayo mtu awindaye kwa kibali, na kama ile ya thamani kubwa yaishinda kweli ile ya bei ndogo. Jambo hili lastahili kuelezwa taratibu, kwa kuwa fedha nyingi hupotea katika darubini zisizo na kazi, tena baya kuliko hasara ya fedha ni kumpiga mnyama asiyeruhusiwa, au kumpiga asiye mnyama kabisa.

Kwanza tutenganishe vitu viwili ambavyo watu huvichanganya. Kuna darubini ya mkono, yenye mabomba mawili, ambayo mtu huivaa shingoni. Kuna na darubini ya bunduki, yenye bomba moja, ambayo hufungwa juu ya mtutu. Ya kwanza ni ya kutazamia, ya pili ni ya kulengea. Mtu aliye na ile ya bunduki tu hutaka kuitumia kwa kazi zote mbili, naye hana budi kuelekeza mtutu kwa kila kitu anachotaka kukitambua. Aonapo kitu cheusi kikitikisika chini ya mkwaju, huinua bunduki ili atazame. Huenda ni nyati. Huenda pia ni mchungaji aliyejipumzisha kivulini, au mama aokotaye kuni, naye bunduki iliyotiwa risasi imekwisha kumwelekea kifuani. Kwa hiyo fedha ya kwanza ya mwindaji, ikiwa kidogo au ikiwa nyingi, ni ya darubini ya mkono. Ile ya bunduki yaweza kungoja.

KWA NINI MWINDAJI ATAZAME SANA

Kibali hakisemi "mnyama" tu. Husema ni mnyama gani, na wangapi, na wapi. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya Tanzania ya mwaka 2009 inakataza kuwinda usiku, kadhalika inakataza kupiga risasi kutoka ndani ya motakaa, wala haimruhusu mtu kumuua jike mwenye mtoto. Basi mwindaji imempasa ajue dume na jike kabla ya kugusa kifyatulio, na jambo hili si jepesi kama wasemavyo watu wasiopata kutoka nje ya mji.

Kwa swala pala ni rahisi, maana dume ana pembe na jike hana. Tandala kadhalika. Lakini kongoni, dume na jike wote wana pembe. Pofu nao wote wana pembe. Zile za jike mara nyingi ni ndefu lakini nyembamba, na za dume ni nene kwenye shina. Palahala dume mzima ni mweusi, na majike ni ya kahawia. Lakini dume kijana naye ni wa kahawia, hata mtu aweza kudanganyika. Nyati ndiye mgumu zaidi. Jike na dume wana pembe, ila dume mzima shina za pembe zake zimekutana juu ya kipaji na kuwa gumu kama gome la mti mkavu. Dume kijana bado ana nafasi laini yenye nywele katikati. Nafasi ile yaweza kuwa na upana wa vidole viwili, nawe uko hatua 120, naye amesimama kivulini. Ni nani aionaye kwa macho matupu?

Tena kanuni za Tanzania zinataka simba dume awindwaye awe amefikia miaka 6. Wataalamu waliowachunguza simba wa Serengeti walionyesha mwaka 2004 kwamba pua ya simba huingia madoa meusi kadiri umri unavyozidi, hivi kwamba kijana pua yake ni ya rangi ya nyama, na mzee ni nyeusi sehemu kubwa. Hapo twaona kwamba maisha ya mnyama, na kibali cha mwindaji pia, hutegemea rangi ya pua. Darubini mbaya haionyeshi rangi ya pua.

(Wasomaji wetu wa Kenya wajua kwamba kwao uwindaji wa michezo ulipigwa marufuku mwaka 1977. Hata hivyo maneno ya darubini ya mkono katika somo hili yatawafaa kwa kuhesabu wanyama, na kulinda mashamba, na kutazama ndege.)

MAANA YA NAMBA MBILI

Kila darubini ya mkono huandikwa namba mbili, kama vile 8x42. Namba ya kwanza ni ya kukuza: kitu kilicho mita 800 huonekana kana kwamba kiko mita 100. Namba ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Watu wengi hutazama ya kwanza tu na kudhani kwamba 20 ni bora kuliko 8, kama vile shilingi 20 zilivyo bora kuliko 8. Sivyo.

Darubini hukuza yote, na mtetemeko wa mikono nao hukuzwa. Mtu aliyetembea saa tatu juani, moyo ukimwenda mbio, akiinua darubini ya kukuza mara 16, ataona picha ikirukaruka kama mashua baharini. Kwa mkono mtupu 8 ni nzuri, 10 ndiyo mwisho. Zaidi ya hapo hutakiwa miguu mitatu ya kusimamishia, na mwindaji wa miguu hana nafasi ya kuchukua mzigo huo.

Halafu, kadiri darubini inavyokuza zaidi, ndivyo inavyoonyesha mahali padogo zaidi. Darubini ya 8x42 iliyo nzuri huonyesha upana wa mita 130 hivi, ukitazama mbali mita 1000. Ya 10x42 huonyesha 110 hivi. Katika miombo ya Tabora au Rungwa, ambako mara nyingi macho hayapiti hatua 100 kabla ya kuzuiwa na miti, upana ni bora kuliko ukubwa, maana mnyama hutafutwa kati ya vigogo naye hupita upesi. Kule Simanjiro na nyika nyingine zilizo wazi, mwenye 10 hufaidi. Mtu awindaye pande zote mbili achukue 8 wala hatajuta.

Sasa tuje kwenye nuru, na hapa nawaomba walimu waandike hesabu hii ubaoni, maana ni ndogo nayo hufungua mambo mengi. Gawanya namba ya pili kwa namba ya kwanza. Kwa 8x42 utapata 5 na robo. Hiyo ndiyo milimita ya duara la nuru litokalo katika kioo cha nyuma na kuingia jichoni. Kwa 10x42 ni 4.2. Kwa 8x30 ni 3 na robo tatu. Kwa ile ndogo ya mfukoni ya 10x25 ni 2 na nusu tu. Kwa 7x50 ni zaidi kidogo ya 7.

Mboni ya jicho la mtu, mchana wa jua kali, hufunguka milimita 2 au 3. Kwa hiyo saa sita mchana darubini zote hizo huonekana sawa, na muuzaji mwerevu atakupa uitazame saa sita mchana. Lakini alfajiri, na jua linapotaka kuzama, mboni hufunguka mpaka 5, au 6, na kwa kijana hata 7. Ndiyo saa wanyama wanapotoka vichakani kwenda majini. Hapo mwenye 10x25 huona kiza, na mwenye 8x42 huona pembe.

Wazee waangalie neno hili: mboni hupungua kufunguka kadiri mtu azeekavyo, na mwenye miaka 60 mara nyingi haipiti 5 hata gizani. Mzee anunuaye 7x50 iliyo na uzito wa kilo nzima anachukua nuru ambayo jicho lake haliwezi kuipokea. Anunue 8x42, shingo yake itapumzika.

KINACHOFANYA MOJA IWE YA DOLA 60 NA NYINGINE YA DOLA 2000

Darubini mbili zaweza kuwa na namba zile zile 8x42, na moja ikauzwa mara thelathini ya bei ya nyingine. Tofauti ni katika mambo matatu: vioo vya ndani, dawa iliyopakwa juu ya vioo, na uimara wa bomba.

Picha ikipita katika lenzi huja kichwa chini miguu juu. Ili kuigeuza, huwekwa ndani vipande vya kioo vyenye pembe, viitwavyo prizimu. Njia ya kwanza ni ya Mwitaliano Ignazio Porro, aliyeipatia hati mwaka 1854. Darubini ya namna hiyo utaijua kwa kuwa mabomba yake yana mabega: kioo cha mbele na cha nyuma havikai katika mstari mmoja. Njia ya pili hutumia prizimu za umbo la paa la nyumba, na darubini zake zina mabomba yaliyonyooka, ni nyembamba, na hupendeza macho. Lakini prizimu ya paa hutaka kuchongwa kwa usahihi mkubwa mno, na kupakwa dawa ya pekee, la sivyo picha hufifia. Kazi hiyo ni ghali. Basi fahamuni: kwa fedha kidogo, darubini ya mabega huonyesha vizuri kuliko ile iliyonyooka ya bei ile ile. Watu huikataa kwa sababu yaonekana ya kizamani, nami naona ni ujinga. Nyati hatazami darubini yako.

Tena kioo kitupu hurudisha nyuma sehemu 4 hivi katika kila sehemu 100 za nuru, kwa kila uso ambao nuru inaupita. Ndani ya darubini nuru hupita nyuso kama 12 au zaidi. Ukihesabu, utaona kwamba sehemu karibu 4 katika kila 10 hupotea njiani, na sehemu ya nuru hiyo iliyopotea huzunguka ndani na kuweka ukungu juu ya picha. Mwaka 1935 Alexander Smakula, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya Zeiss huko Jena, Ujerumani, alipata njia ya kupaka kioo tabaka jembamba mno ambalo huzuia nuru isirudi. Siku hizi darubini nzuri hupakwa matabaka mengi juu ya kila uso, na kila uso hupoteza chini ya nusu ya sehemu 1 katika 100. Ile ya bei ndogo hupakwa uso wa nje tu, ambao mnunuzi huuona.

Jambo la tatu ni maji na vumbi. Darubini iliyozibwa na kujazwa hewa ya naitrojeni haiingii unyevu ndani, hata ukitoka katika baridi ya asubuhi na kuingia katika joto. Isiyozibwa masika moja huiharibu.

KUIJARIBU DUKANI

Hapa ndipo mtu huokoa fedha yake, maana mambo mengi hujulikana bila chombo chochote ila rula na macho.

Chukua rula upime kioo cha mbele. Sokoni huuzwa darubini ndogo za kiganjani zilizoandikwa 30x60, au namba kubwa kuliko hizo. Ikiwa imeandikwa 60 na rula yasema 25, irudishe mezani wala usiulize bei. Aliyesema uwongo katika namba ya pili hakusema kweli katika ya kwanza.

Kisha ishike kwa mikono iliyonyooshwa, uielekeze mbinguni mahali penye nuru, mbali na jua. Katika kila kioo cha nyuma utaona duara dogo jeupe. Likiwa mviringo kamili, prizimu ni nzuri. Likiwa limekatwa pembeni, lenye kona za kijivujivu, prizimu ni ya kioo hafifu.

Tazama mng'ao wa taa juu ya kioo cha mbele. Ukiwa mweupe kama wa kioo cha dirisha, hakikupakwa dawa. Ukiwa wa kijani au wa zambarau hafifu, kimepakwa. Vile vyekundu kama damu, ambavyo muuzaji husema ni vya kuonea usiku, vyazuia nuru badala ya kuipitisha. Ogopa pia darubini ambayo hukuza kwa kubadilika, kama 10 mpaka 30, na ile isemwayo kwamba haihitaji kurekebishwa macho.

Halafu tazama ukingo wa paa la bati au waya wa simu. Ukiona ukingo una utepe wa rangi, buluu upande mmoja na manjano upande wa pili, kioo ni cha daraja ya chini. Utepe kidogo si neno, mwingi ni ubaya. Ukiwa bado unatazama mstari ule wa paa, isogeze darubini polepole mbali na macho. Mstari wa jicho la kulia na wa kushoto yapasa ubaki sawa. Ukiona mmoja umepanda juu, mabomba hayalingani, na darubini hiyo itakuumiza kichwa baada ya robo saa. Zilizokwisha tumika na watu wengine huwa na ugonjwa huo mara nyingi, kwa sababu zimeangushwa.

Mwisho mwombe mwenye duka akuruhusu kutazama jioni, jua likizama. Akikataa, nawe una jibu lako.

Wavaao miwani, nami ni mmoja wao, waulize neno moja zaidi: jicho laweza kukaa mbali kiasi gani na kioo cha nyuma? Wavaa miwani hutaka milimita 15 au zaidi, la sivyo wataona katikati tu kama mtu achunguliaye tundu la ufunguo. Vikombe vya mpira vya nyuma vikunjwe au vizungushwe chini kwa ajili yao.

KUIWEKA SAWA NA MACHO

Watu wengi wana darubini nzuri nao hawaoni vizuri kwa kuwa hawakufundishwa kuiweka sawa. Kwanza kunja mabomba mpaka uone duara moja, si mawili. Pili, funga jicho la kulia, utazame ubao wenye maandishi kwa la kushoto, uzungushe gurudumu la katikati mpaka maandishi yawe safi. Tatu, fungua la kulia, ufunge la kushoto, wala usiguse tena gurudumu la katikati. Zungusha kioo cha nyuma cha upande wa kulia mpaka maandishi yawe safi vile vile. Angalia alama iliyosimama hapo, uikumbuke. Tangu siku hiyo utatumia gurudumu la katikati tu. Mtu mwingine akiazima, alama itahama, irudishe. Katika darubini chache gurudumu hilo la jicho moja liko mahali pengine, lakini njia ni hiyo hiyo.

MIFUKO MITATU

Bei hubadilika, na ushuru huongezeka juu yake. Nitataja dola kwa kuwa ndivyo zinavyotangazwa ng'ambo.

Mwenye fedha kidogo, tuseme asiyeweza kupita dola 150, anunue darubini ya mkono ya mabega, 8x40 au 8x42, ya kampuni ijulikanayo kama vile Nikon au Bushnell, akiwa ameijaribu kama tulivyosema. Basi. Bunduki aiache na alama zake za chuma zilizokuja nayo. Alama za chuma zimeua nyama nyingi mpaka hatua 80, na mtu awindaye kwa miguu katika miombo mara nyingi hapigi mbali kuliko hapo. Darubini ya bunduki ya dola 40 ni mtego: hupigwa na kishindo cha bunduki mara ishirini, msalaba wake huhama kwa siri, na mwenyewe huendelea kuiamini mpaka amjeruhi mnyama tumboni. Nyati aliyejeruhiwa akaachwa kichakani si hasara ya mwindaji peke yake. Huyo humngoja mtu wa kwanza apitaye njia ile, naye huenda ni mtoto wa shule. Mwenye bunduki ya marisau haihitaji darubini ya bunduki hata kidogo.

Mfuko wa pili, wa dola 500 mpaka 700 kwa vyote viwili, ndio ufikiriwe sana, kwa kuwa hapo makosa ni mengi. Mtu hutaka kuzigawa nusu kwa nusu. Mimi nasema darubini ya mkono ichukue sehemu kubwa, dola 300 au 400, naye atapata iliyonyooka, iliyozibwa, yenye naitrojeni na dawa ya pekee ya prizimu. Zinazobaki zinunue darubini ya bunduki isiyobadilika, ya kukuza mara 4, kutoka kwa watengenezaji waaminifu. Ile isiyobadilika ina vipande vichache ndani, na kisichokuwapo hakivunjiki. Vijana huiona maskini, hutaka 6-24 kama walivyoona katika picha za sinema. Kwa hatua 100 mara 4 yatosha kabisa.

Mwenye mfuko mkubwa hana shida, ila ajue kwamba zile za Zeiss, Leica na Swarovski, zinazozidi dola 2000, hazionyeshi mara tano zaidi ya zile za dola 400. Faida yake ni nusu saa ya jioni, na rangi za kweli, na macho yasiyochoka mtu akitazama kutwa. Kwa askari wa wanyamapori na kwa bwana aongozaye wageni, ambao hutazama kila siku ya mwaka, nusu saa ile yastahili bei. Kwa mtu awindaye wiki moja kwa mwaka, sidhani.

DARUBINI YA BUNDUKI

Namba zake husomwa vile vile: 4x32 hukuza mara 4 na kioo chake ni milimita 32, 3-9x40 hubadilika kutoka mara 3 mpaka 9. Kwa nchi yetu ya vichaka, ile ianzayo chini, kama 1.5-6x42, ni nzuri kuliko ianzayo juu. Mwenye inayobadilika aiweke chini kabisa akitembea, na kuipandisha akiwa amekaa na mnyama yuko mbali. Anayesahau kuishusha akikutana na mbogo kwa hatua 15 ataona manyoya tu, wala hatajua ni bega au paja.

Lililo kubwa kuliko namba ni umbali wa jicho. Bunduki nzito hurudi nyuma kwa nguvu. Ile ya .375, iliyotengenezwa na Holland & Holland ya London mwaka 1912, ambayo wawindaji wengi huichukua kwa nyati, itampasua nyusi mtu aliyefunga darubini ya kutaka jicho liwe karibu. Takeni inayoonyesha picha nzima jicho likiwa sentimita 9 nyuma ya kioo, au zaidi.

Msalaba wa ndani uwe mnene pembeni na mwembamba katikati, namna ambayo kampuni ya Leupold ya Marekani iliitoa mwaka 1962 na wengine wakaifuata. Ule mwembamba wote hupotea kivulini. Pete zinazoishika darubini ziwe za chuma imara, za upana sawa na bomba, maana kuna mabomba ya milimita 25.4 na ya milimita 30, na zifungwe chini kadiri iwezekanavyo ili shavu lilale juu ya mti wa bunduki. Mtu aliyenunua darubini njema na pete za ovyo amefunga ng'ombe kwa uzi.

Kuilinganisha na mtutu hutaka mahali palipo salama, penye kilima cha udongo nyuma, na mifuko miwili ya mchanga. Toa komeo la bunduki, uilaze juu ya mifuko, utazame kupitia mtutu wenyewe duara lililochorwa mita 25 mbele. Bila kuitikisa bunduki, zungusha vifundo vya darubini mpaka msalaba nao ukae juu ya duara lile. Kazi hii haili risasi hata moja. Rudisha komeo, upige risasi moja kwa mita 25, urekebishe, ndipo uende mita 100 na kupiga tatu. Usirekebishe kwa risasi moja. Tafuta katikati ya zile tatu. Katika darubini nyingi kila mlio mmoja wa kifundo huhamisha risasi milimita 7 hivi kwa mita 100. Kwa mita 25 huhamisha robo yake tu, basi huko milio ni mara nne. Risasi zikiwa sentimita 7 chini ya duara kwa mita 100, milio 10 kwenda juu itazileta mahali pake. Na kila darubini ianguke, au ipande lori kwa siku nzima katika barabara mbovu, ijaribiwe tena kwa risasi moja kabla ya kwenda porini.

KUITUNZA

Vumbi letu lina mchanga mkali. Kufuta kioo kwa pindo la shati ni kukikwaruza, na dawa iliyopakwa hairudi. Kwanza puliza, kisha piga kwa brashi laini, ndipo ufute kwa kitambaa safi chenye unyevu kidogo. Usiiache katika motakaa iliyofungwa juani.

Walimu wawaonye watoto kabisa: asiielekeze mtu darubini kwenye jua hata kwa nukta moja, maana hupofusha, na jicho lililounguzwa hivyo haliponi.

Huko Pwani, na pande za maziwa, adui ni ukungu uotao ndani ya vioo kama utando wa buibui. Hupenda giza, unyevu na ngozi. Kwa hiyo wakati wa masika itolewe katika mkoba wake wa ngozi, iwekwe mahali pakavu penye hewa na mwanga. Anunuaye iliyotumika atazame ndani kwa kurunzi kutoka upande wa kioo cha mbele. Akiona nyuzi nyeupe zimetambaa, aache, hata bei ikiwa nusu, kwa kuwa fundi wa kuifungua na kuisafisha bila kuyapotosha mabomba ni adimu, na ujira wake huenda ukapita bei ya darubini yenyewe.